Kipimo cha kupuliza mapafu kazini: mwenzetu kakutwa na TB, je, mashine ndiyo ilituweka hatarini?

#1 – Saruji Kavu

Wakuu, habari za majukumu.

Niko kiwandani, kitengo cha kufungasha saruji (kiwanda nakihifadhi, kibarua nakipenda bado). Kila mwaka mwajiri analeta timu ya wapimaji afya. Wanapima macho, masikio, presha, halafu kuna kile kipimo cha kuvuta pumzi mpaka mwisho na kupuliza kwa nguvu zote kwenye mashine huku mtu anakupigia kelele "puliza, puliza, usiache!"

Mwaka huu walitupimia chumba cha mikutano. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinaunguruma, na foleni yote imekaa humo humo ndani tunachekana nani kapuliza kama mtoto. Kulikuwa na jamaa mmoja anakohoa. Tukamtania kwamba hiyo ni saruji inatoka. Wiki kadhaa baadaye kapimwa makohozi, TB. Yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri, Mungu mkubwa.

Sasa kitengo kizima kimegawanyika. Wengine wanasema mwakani hawapulizi hata kwa barua ya onyo. Wengine wanasema vibomba vya karatasi vilikuwa vipya kwa kila mtu kwa hiyo hakuna shida. Naomba wajuzi wanisaidie: ile mashine inaweza kumpa mtu TB? Na la pili, mwanangu ana pumu, tukifika zahanati anawekewa ile mashine ya kutoa moshi puani, chumba kimoja na watoto wengine wanaokohoa. Hiyo nayo ikoje?

Naomba kuwasilisha.

#2 – Kaa Mkao

Ngoja waje. Natia kambi hapa.

#3 – Babu Mvuje

Mlishaambiwa mashine za wazungu hizo mnakuja kujaza hewa za watu. Rudini kwenye nyungu: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, blanketi zito. Mapafu yanafunguka bila umeme.

#4 – Pumzi Ndefu

Saruji Kavu, hicho kipimo kinaitwa spirometri, na kupulizisha watu ndiyo kazi inayonilisha. Nitajibu kwa vipande, niko zamu.

Kwanza ondoeni kichwani habari ya mate. TB haiambukizwi kwa kugusa kibomba, kikombe, kijiko wala kwa kushikana mikono. Inakwenda kwa hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba, akiongea, anatoa vitone. Vikubwa vinaanguka chini. Vidogo vinakauka kabla havijafika sakafuni, kinabaki kipande cha mikromita 1 hadi 5 chenye kimelea ndani, na hicho kinaelea kwa saa kadhaa. Mmarekani William Wells aliieleza hesabu ya kukauka huko mwaka 1934, watu wakambishia. Kuanzia 1956, yeye na Richard Riley wakajenga ushahidi mjini Baltimore: wodi ya vitanda sita ya wagonjwa wa TB, hewa yake ikapitishwa kwenye bomba mpaka kwenye vizimba vya simbilisi juu ya jengo. Simbilisi hawakumwona mgonjwa wala kumgusa, wakapata TB. Kundi jingine la simbilisi lilipokea hewa ya wodi hiyo hiyo baada ya kupigwa mwanga wa urujuanimno, likabaki zima.

Sasa njoo kwenye mashine. Nyingi za siku hizi, zile ndogo za mkononi, hazitunzi hewa yako ndani. Inapita kwenye kihisi na kutokea upande wa pili, yaani inamwagika chumbani. Anayekufuatia hatari yake kubwa si pale kinywa chake kinapogusa, ni hewa iliyomzunguka tangu alipokaa kwenye foleni. Vibomba vipya ni vya lazima kwa sababu ya usafi na vijidudu vya aina nyingine, lakini kibomba cha karatasi kitupu hakizuii hewa.

Kinachozuia ni filta, ile duara ya plastiki yenye utando ndani inayokaa kati ya kibomba na mashine. Watafiti wa mradi wa AERATOR wa Bristol, Uingereza, walichapisha vipimo vyao mwaka 2022. Waliwapulizisha watu wazima wa afya 33 na wagonjwa wa mapafu 10 huku mashine nyingine inahesabu vitone hewani. Kilichotoa vitone vingi kuliko vyote ni kikohozi cha kawaida. Kikafuatia kipimo cha pikiflo, kile kibomba kidogo cha kupima kasi ya pumzi, kisicho na filta. Walipoweka filta kwenye hiyo pikiflo vitone vikashuka mara kumi, na majibu ya kipimo hayakubadilika. Ukilinganisha na spirometri yenye filta, kikohozi kilitoa mara 22 zaidi kwa wagonjwa na mara 56 kwa wale wazima.

Kwa hiyo jamaa yenu alivyokuwa anakohoa kwenye kiti akisubiri zamu alikuwa anamwaga kuliko alipokuwa na kibomba mdomoni. Mimi ningekuwa jaji, mashine ningeiachia kwa dhamana na chumba cha mikutano ningekipeleka rumande.

Ila spirometri nayo ina kosa lake moja kubwa: inachokoza kikohozi. Ukishapuliza mpaka tone la mwisho, kifua kikiwa na shida unakohoa pale pale, mara nyingi umeshautoa mdomo kwenye filta. Na hupulizi mara moja. Tunahitaji mipulizo mitatu inayokubalika, na mtu mzima anaweza kufikishwa minane kabla hatujamwambia pumzika. Kila baada ya mpulizo, kikohozi.

Mganga wa zamu ananiita, nitarudi.

#5 – Mchungaji wa Namba

Mkuu Pumzi Ndefu umeshusha nondo. Lakini kama mashine haina hatia, mbona 2020 corona ilipoingia hospitali duniani zilisimamisha hivyo vipimo karibu vyote? Walikuwa wanaogopa nini?

#6 – Pumzi Ndefu

Walikuwa wanaogopa Hong Kong ya 2003.

Mwezi Machi mwaka ule aliingia kijana hospitali ya Prince of Wales, wodi 8A, na dalili za homa ya mapafu. Hakuna aliyejua ni SARS, ugonjwa wa mapafu wa kirusi ndugu wa corona. Akawa anapewa salbutamol, dawa ya kufungua kifua, kwa nebulaiza (ile mashine ya ukungu kama ya mwana wa Saruji Kavu) mara nne kwa siku kwa takriban wiki nzima. Kufikia tarehe 25 Machi walihesabiwa watu 138 waliohusishwa na maambukizi ya hospitali ile: wahudumu wa afya 69, wanafunzi wa udaktari 16, waliobaki wagonjwa na wageni. Madaktari wenyewe wa pale waliandika kwamba nebulaiza huenda ndiyo iliyosambaza. Hoja hiyo ikaingia kwenye miongozo ya dunia nzima na ikakaa: nebulaiza, spirometri, mashine za kusukuma hewa kama CPAP, kuingiza mpira kooni, vyote vikawekwa kapu moja la "taratibu zinazozalisha vitone".

Baadaye watu wakarudi na ramani ya vitanda vya ile wodi. Waliolala karibu na yule kijana waliugua zaidi, wa mbali waliugua wachache, na mkondo wa hewa ya wodi ulikuwa na usemi mkubwa kwenye nani aliipata. Mwaka 2012 tafiti za wahudumu walioambukizwa SARS zikajumlishwa pamoja. Walioshiriki kuingiza mpira kooni walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa mara sita na ushee kuliko wenzao. Waliosaidia kwenye mashine za kusukuma hewa kwa barakoa, kama mara tatu. Nebulaiza? Haikuonyesha tofauti ya maana. Tafiti zenyewe zilikuwa chache na dhaifu, waandishi walisema hivyo wazi, lakini ndizo zilizokuwepo.

Waingereza ndiyo maana 2020 hawakuiweka nebulaiza kwenye orodha yao ya hatari. Hoja yao: ule ukungu unatoka kwenye dawa iliyoko kikombeni, hautoki kwenye mapafu ya mgonjwa. Nchi nyingine zikaona bora tahadhari. Wataalamu wa pumu duniani wakashauri pampu ya mkononi ya pumu badala ya nebulaiza kila inapowezekana.

Halafu likaja jambo lililonifurahisha binafsi. Hao hao AERATOR walipima wagonjwa na watu wenye afya kwenye CPAP, wakakuta vitone vinavyotoka ni vichache kuliko mtu akipumua au kuongea kawaida bila mashine. Mgonjwa aliyefungwa barakoa ya CPAP ikambana vizuri anatulia, hapigi soga, pumzi yake inapita njia moja. Miaka yote tulimkimbia yule na kwenda kukaa bila wasiwasi mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili anayekohoa bila barakoa.

#7 – Nesi wa Tabora

Mkuu nakuheshimu ila hapa unawapeleka watu haraka mno. Niko wodini, na nimeshika nebulaiza kuliko nilivyoshika simu yangu.

Wewe unaongelea vitone vilivyohesabiwa Bristol kwa watu wasio na TB. Sisi tunaongelea chumba ambacho kati ya watu kumi wanaokohoa, wawili watatu hawajapimwa makohozi. Kuna kisa cha 1988 jimbo la Florida, Marekani, kiko kwenye taarifa zao za serikali. Kliniki ilikuwa inawapa wagonjwa wa VVU dawa ya pentamidini kwa kuivuta kama ukungu, kuwakinga na nimonia. Pentamidini inawasha koo, mtu anakohoa vibaya sana. Baadhi yao walikuwa na TB. Wafanyakazi wa kliniki walipopimwa ngozi, majibu yao yalikuwa yamebadilika, wameshaingiliwa na vimelea. Hakuna aliyeingiza mpira kooni pale. Ulikuwa ni ukungu wa dawa tu.

Na kuna sisi wenyewe tunapotafuta makohozi kwa mtu ambaye hayatoki. Tunamvutisha maji ya chumvi kali, asilimia 3 mpaka 7, kwa nebulaiza. Lengo la hiyo kazi NI kumkohoza. Utaniambia hiyo nayo mashine haina hatia?

#8 – Pumzi Ndefu

Dada Nesi, hapo umenishika mahali pazuri, na sikubishii. Dawa inayokohoza ni mnyama mwingine kabisa na salbutamol inayotuliza kifua. Kumkohozesha mtu kwa maji ya chumvi ni katika kazi za hatari kubwa zilizopo kwenye TB, ifanyike nje uwanjani, au chumba maalumu chenye feni ya kutoa hewa nje, na anayesimamia avae barakoa ya N95 iliyombana, siyo ile ya kitambaa cha bluu. Uvutaji wa pentamidini kadhalika.

Ninachopinga ni kuiweka nebulaiza ya mtoto wa pumu kapu moja na hiyo, halafu tukishaiweka tunajiona tumemaliza, wakati benchi la kusubiria limejaa na dirisha lina pazia.

#9 – Nesi wa Tabora

Hapo tuko pamoja. Pazia na mbao za matangazo. Kwetu dirisha la chumba cha kuchomea sindano limezibwa na kabati la mafaili tangu sijaajiriwa.

#10 – Mwanafunzi Mulago

Wakubwa shikamooni. Niko Kampala, nasoma. Naongezea mawili, moja la huku huku.

Kuna watafiti walifanya kazi Kampala na wagonjwa wa TB, matokeo yakatoka 2012. Mgonjwa anakohoa ndani ya chemba maalumu, kinachotoka kinaoteshwa kwenye sahani za maabara. Kati ya wagonjwa 101, ni 28 tu waliotoa kwa kikohozi vimelea hai vya kuota. Wengine wote walikuwa na TB kwenye makohozi lakini hewani havikuota. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba wale watoaji wakubwa ndio waliowaambukiza zaidi watu wa nyumbani kwao, na kipimo hicho cha hewa kilitabiri vizuri kuliko kuangalia makohozi kwa darubini. Kwa hiyo jamaa wa Saruji Kavu anaweza kuwa mtoaji au asiwe. Kumwangalia kwa macho hujui.

La pili ni la Cape Town. Robin Wood, Ryan Dinkele na wenzao walipima kinachotoka mtu anapopumua taratibu tu. Pumzi moja inatoa kidogo mno kuliko kikohozi kimoja, lakini kwa siku mtu anapumua mara elfu ishirini na zaidi. Wakakadiria kwamba kupumua tu kunaweza kuchangia kama asilimia 90 ya vimelea vinavyotoka kwa siku. Maana yake hata asiyekohoa, ukifungiwa naye chumba kwa masaa, mahesabu yanaendelea.

#11 – Kaa Mkao

Aisee. Yaani kupumua kwenyewe ni kesi.

#12 – Babu Mvuje

Ndiyo maana nasema nyungu.

#13 – Nesi wa Tabora

Babu Mvuje, nyungu ya peke yako sina ugomvi nayo ukiepuka kujimwagia maji ya moto, wodini tunapokea watoto walioungua na hizo sufuria. Lakini 2020 nilishuhudia watu wanne chini ya blanketi moja, mama, watoto na mjomba anayekohoa, wanavuta mvuke mmoja kwa robo saa. Ukitaka kubuni njia ya kuambukizana kifua hutapata bora kuliko hiyo. Mvuke hauui TB mapafuni. Hauui.

#14 – Saruji Kavu

Nimesoma yote mara mbili. Sasa naomba vitu viwili vya vitendo. Sisi tuliokaa kile chumba tufanyeje? Na mwakani tumwambie nini mwajiri, maana vumbi la saruji ni la kweli na kipimo tunakihitaji, sitaki watu wagome.

#15 – Pumzi Ndefu

La kwanza. Nyie mmekuwa karibu na mgonjwa, kwa hiyo muende kituo cha afya mkajitaje hivyo, msisubiri kuumwa. Vituo vya serikali huduma ya TB ni bure. Mtaulizwa kuhusu kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua mwili. Mwenye dalili anapimwa makohozi. Asiye na dalili ataangaliwa kama anastahili dawa za kinga, kuna ya kila siku kwa miezi sita na kuna ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Wanaoishi na VVU na watoto wadogo wa nyumbani kwa mgonjwa wanatangulizwa. Na msiingie hofu kupita kiasi: hata aliyeambukizwa, wengi hawaugui maishani, ni kama asilimia 5 mpaka 10 ndio wanaofikia ugonjwa, ukiondoa wale wenye kinga dhaifu ambao hatari yao ni kubwa zaidi.

Na msimtenge huyo jamaa. Yeyote aliyemwambukiza yeye alikuwa kwenye chumba cha namna hiyo hiyo, daladala, kanisa, au bweni.

La pili, la mwajiri. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni swali. Kabla mtu hajakaa kwenye kiti aulizwe: unakohoa? tangu lini? umewahi kutema damu hivi karibuni? Anayekohoa wiki mbili hapulizi siku hiyo, anakwenda kupima TB kwanza, kipimo cha mapafu kitamsubiri. Miongozo ya kimataifa ya spirometri ya 2019 inataja maambukizi ya kifua, TB ikiwemo, na kutema damu kuwa sababu za kuahirisha. Wangemuuliza jamaa yenu swali hilo mlangoni, huu uzi usingekuwepo.

Anayekohoa avae barakoa wakati wa kusubiri. Afrika Kusini, jimbo la Mpumalanga, walirudia mtindo wa Riley wa simbilisi: siku wagonjwa wa TB sugu walipovaa barakoa za kawaida za hospitali, maambukizi kwa simbilisi yalipungua kwa asilimia 56. Barakoa ya kawaida kwa mgonjwa, N95 kwa mpimaji. Watu wengi wanageuza.

Foleni ikae nje, chini ya mwembe au kibarazani. Ndani aingie mmoja.

Halafu chumba. Hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu, mnivumilie. Kiyoyozi cha ukutani, kile mlichonacho, hakileti hewa mpya hata kidogo. Kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha, na wote mnaona hewa safi kwa sababu ni baridi. Pumzi za watu zinabaki humo kama moshi wa sigara kwenye gari lililofungwa vioo. Wataalamu wanapima hewa kwa mara ngapi yote inabadilishwa kwa saa. Ikibadilishwa mara 12, asilimia 99 ya vitone vimeondoka ndani ya dakika 23. Ikibadilishwa mara 6, dakika 46. Chumba kinachobadilisha mara 2, na vyumba vya viyoyozi vilivyofungwa huwa hapo au chini zaidi, ni dakika 138. Sasa piga hesabu: wapimaji wanamaliza mtu kwa dakika kumi. Wa tano anavuta mabaki ya wanne.

Na dawa yake haina umeme. Escombe na wenzake walizunguka hospitali nane za Lima, Peru, matokeo yakatoka 2007. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa kwa wastani mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya vyumba maalumu vyenye mitambo ya hewa. Na majengo ya kabla ya 1950, yale yenye dari refu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, mapya yakawa 17. Waliojenga zamani hawakuwa na dawa za TB, walikuwa na dirisha. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianzishwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa wagonjwa wa kifua, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na hewa ilikuwa sehemu ya matibabu. Leo tunajenga zahanati zenye vidirisha vya kioo cha kusukuma ambavyo nusu yake haifunguki.

Tahadhari moja ya kifundi kwa mpimaji atakayesoma hapa: usipeleke mashine uwanjani kwenye upepo. Vihisi vingi vinajisawazisha kwenye sifuri kabla ya mpulizo, upepo ukipita pale unapata namba za uongo. Weka mashine ndani, madirisha pande mbili wazi, mpimaji akae upande upepo unakotokea, anayepuliza aelekee dirisha la kutokea hewa.

#16 – Mchungaji wa Namba

Kwenye filta ndipo mtakapokwama. Mwajiri akisikia kila mtu na filta yake na inatupwa, atasema bajeti.

#17 – Pumzi Ndefu

Atasema. Ndiyo maana filta nimeiacha mwishoni makusudi. Kuna vibomba vya karatasi vyenye kilango cha njia moja ndani, ni rahisi kuliko filta. Vinakuzuia usivute hewa kutoka kwenye mashine, unapuliza tu. Vinamlinda anayepuliza, havilindi chumba. Na ukiwa na kipimo kinachohitaji kuvuta kupitia mashine havifai. Kama hela ipo, filta. Kama haipo, swali la kikohozi, dirisha na foleni nje vinanunuliwa kwa ubishi tu. Ila mwajiri mwenye filta za gharama ndani ya chumba kilichofungwa ananikera kuliko asiye nazo na dirisha liko wazi.

#18 – Apolo wa Zamani

Mimi nilichimba Mirerani ujana wote. Kifua sasa kinabana, nikipanda mlima mdogo nasimama. Nilikwenda hospitali moja wakakataa kunipulizisha, wakasema makohozi kwanza. Nikaona wananizungusha. Kwa uzi huu naanza kuelewa. Lakini makohozi yametoka hayana kitu, nirudi?

#19 – Pumzi Ndefu

Rudi mzee wangu, shikamoo. Hawakukuzungusha. Vumbi la mwamba lina silika, na mapafu yaliyojaa silika yanapata TB kirahisi kuliko ya mtu mwingine, na picha ya X-ray ya silikosisi na ya TB zinafanana mpaka zinachanganya wazoefu. Makohozi yakiwa safi, picha ikaangaliwa, sasa puliza. Waambie umechimba miaka mingapi na kama mlikuwa mnachoronga bila maji. Kama uko kanda hiyo, Kibong'oto wana uzoefu na wachimbaji, uliza rufaa.

#20 – Mama Rayyan

Mimi wa Mombasa, asanteni kwa uzi. Swali la mtoto naona lilipotea. Wangu ana pumu pia, nimenunua nebulaiza ya nyumbani. Niitupe?

#21 – Nesi wa Tabora

Usiitupe, dada. Nyumbani kwako hewa ni ya familia yako mwenyewe, hatari ya kugawana na wageni haipo. Cha kuangalia kwako ni usafi wa kile kikombe. Usioshe na maji ya bomba ukakiacha na unyevu, kuna vijidudu vya majini, lejionela mmojawapo, vinapenda hapo, halafu unavipuliza vyenyewe mpaka ndani ya mapafu ya mtoto. Suuza kwa maji yaliyochemka yakapoa, kung'uta, anika kikauke kabisa. Dawa changanya kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyofungwa, usitumie ya jikoni.

Ila kwa shambulio la kawaida pampu yenye chupa (dawa inapulizwa ndani ya chupa, mtoto anaivuta humo) inafanya kazi sawa na nebulaiza, na haina umeme wala foleni. Na chupa si lazima ya kununua. Heather Zar na wenzake, Cape Town, 1999, walichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, wakatoboa kitako kwa saizi ya mdomo wa pampu, wakaziba kwa gundi, ikafungua vifua vya watoto sawasawa na ile ya dukani. Muulize daktari wako akuonyeshe kipimo cha mipulizo. Saruji Kavu na wewe fanya hivyo, ukifika zahanati uliza kama mtoto anaweza kupewa kwa pampu na chupa badala ya kukaa kwenye kile chumba. Akibanwa sana, midomo inabadilika rangi, hawezi kuongea, hapo usijadili, oksijeni na nebulaiza mara moja, chumba baadaye.

#22 – Saruji Kavu

Nimeelewa wakuu. Nimeongea na mwenzetu wa kamati ya usalama kazini, anataka ushahidi kwamba kile chumba hakina hewa kabla hajaandika barua. Kipimo cha hewa tutakipata wapi sisi?

#23 – Pumzi Ndefu

Kuna vimashine vya kusoma hewa ya ukaa. Nje ni kama 420 (sehemu kwa kila milioni ya hewa), chumba chenu kimejaa watu kikipanda juu ya 1000 ujue mnavuta pumzi za wenzenu kwa wingi. Kama hamna, nunueni udi wa vijiti. Washa kimoja katikati ya chumba, funga kila kitu, washa kiyoyozi, muangalie moshi unakwenda wapi na unakaa muda gani. Halafu fungueni madirisha ya pande mbili mrudie. Rekodi video zote mbili kwa simu, mtumieni huyo wa kamati.

#24 – Mchungaji wa Namba

Zimeni kwanza kile kitambua moshi cha darini, msije mkaitiwa zimamoto.